Spika iliyokatwa: simu inayo, kompyuta haina, na mwanachama anaona kisanduku

Swali limetoka kwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika, wilayani Nachingwea, mkoa wa Lindi:

"Habari za kazi, fundi. Mimi ni katibu wa AMCOS huku Nachingwea. Kila tukikaribia mkutano huwa nawaandikia wanachama tangazo, na mwishoni naweka ile alama ya spika iliyopigwa mstari ili watu wazime sauti za simu wakiingia ukumbini. Kwenye simu yangu naipata bila shida. Kwenye kompyuta ya ofisi siioni popote. Wazee wenye vitochi, zile simu ndogo za vitufe, wananiambia wanaona kisanduku kitupu. Tena mhasibu wetu analalamika kwamba tangu nianze kuweka alama hiyo, salio la meseji za jumla linakwisha haraka. Na nataka nibandike karatasi mlangoni yenye alama hiyohiyo. Naomba msaada wako."

Kazi ni njema, Ndugu Katibu. Mhasibu wenu anasema kweli, na jambo lake ndilo nitakalolikalia zaidi kwa sababu linagusa fedha za wanachama. Ila kwanza tukubaliane juu ya kitu kimoja, maana matatizo yako yote yana mzizi mmoja.

Hiyo 🔇 unayoituma siyo picha. Ni herufi, kama ilivyo A au B. Kuna orodha ya kimataifa iitwayo Unicode inayozipa namba herufi za maandishi ya dunia nzima, na humo spika iliyokatwa imepewa namba 1F507. Iliingia mwaka 2010, katika toleo la 6.0 la orodha hiyo. Ukiibonyeza, simu yako inapeleka namba tu, na simu inayopokea ndiyo inayochora spika kwa michoro iliyonayo yenyewe. Wewe mtu wa ushirika hili utalielewa upesi kuliko wengi: mkulima anaondoka na stakabadhi, korosho zinabaki ghalani. Namba ni stakabadhi, na ghala ni michoro iliyomo ndani ya kifaa cha anayepokea, ambayo sisi mafundi huiita fonti. Ghala likiwa halina mzigo huo, mzee wako anaonyeshwa kisanduku kitupu. Hakuna kilichoharibika njiani, na kuituma upya hakutasaidia kitu.

Ndiyo maana pia spika unayoiona wewe haifanani sana na anayoiona mwenzako. Apple wanachora yao, Samsung yao, Google yao, Microsoft yao. WhatsApp kwenye simu za Android ina michoro yake yenyewe, kwa hiyo hata ndani ya simu moja spika ya WhatsApp na ile ya meseji ya kawaida zinaweza kutofautiana sura. Rangi na umbo la mstari vinabadilika, maana inabaki ileile. Na kwa kuwa alama hii ni ya tangu 2010, simu janja karibu zote zilizopo mikononi mwa watu zinaijua. Kikwazo chako ni vitochi na kompyuta kuukuu.

Sasa tuje kwa mhasibu.

Meseji moja ya kawaida, hii SMS, inabeba baiti 140 tu, sawa na biti 1,120 (ni vipimo vya data; baiti moja ni biti 8). Utaratibu wa kawaida wa SMS unaipa kila herufi biti 7, ndipo tunapata ile hesabu ya herufi 160 kwa meseji moja. Kiswahili chetu chote kinaenea humo: herufi zetu, tarakimu, nukta, mkato, alama ya kuuliza. Lakini 🔇 haimo kwenye orodha hiyo fupi. Ukiiweka hata moja, meseji nzima inahamishiwa utaratibu mwingine, ambao kila herufi inachukua biti 16. Gawanya 1,120 kwa 16 upate 70. Yaani kutoka nafasi 160 unashuka hadi 70, na emoji yenyewe inakula nafasi mbili kati ya hizo. Ujumbe ukizidi meseji moja, hali inakuwa ngumu zaidi, kwani kila kipande kinatoa nafasi kidogo kwa ajili ya maelezo ya kuviunganisha upande wa pili: kwa utaratibu wa kawaida kila kipande kinabeba herufi 153, na kwa ule mwingine 67.

Tuchukue mfano wa tangazo linalofanana na yenu:

"Ndugu mwanachama, mkutano mkuu ni Jumamosi saa 3 asubuhi, ofisi ya chama. Njoo na kadi yako. Zima sauti ya simu ukiingia mkutanoni. Katibu."

Nimehesabu herufi 139 pamoja na nafasi. Hiyo ni meseji moja, na bado kuna nafasi ya ziada. Ongeza nafasi moja na 🔇 mwishoni, inakuwa 142 kwa utaratibu wa pili. Vipande viwili vinabeba 134 tu, hivyo inaingia kipande cha tatu. Chama chenye wanachama 400 kilichokuwa kinalipia meseji 400 sasa kinalipia 1,200, kwa sababu ya alama moja ambayo sehemu ya wanachama wanaiona kama kisanduku. Mimi kwa upande wangu nisingeiweka kabisa kwenye SMS za jumla. Maneno "zima sauti ya simu" yameshasema kila kitu, yanasomeka kwenye kitochi chochote, na hayaongezi hata senti.

Ukiipenda sana, basi fupisha ujumbe uenee ndani ya 70: "Mkutano Jumamosi saa 3 asubuhi ofisini. Zima sauti ya simu 🔇". Hapo ni nafasi 61, meseji moja. Lakini angalia, umelipunguza tangazo ili kuipisha alama. Kadi umeiacha, na anayeandika hujamtaja.

Kuna mwizi mwingine wa salio ambaye makatibu wengi hawamjui, nami nakuomba umtazame hata kama utaiacha emoji. Ni ile alama ndogo ya juu kwenye ng'. Ukiandika "ng'ombe" au "mng'ao" moja kwa moja kwenye simu, mara nyingi inatoka alama iliyonyooka, na hiyo imo kwenye orodha fupi ya SMS. Lakini ukiandika tangazo kwenye Word kisha ukalinakili kwenda kwenye mfumo wa meseji, Word huwa imeshaigeuza ile alama ikawa iliyopinda, kama mkato mdogo uliopandishwa juu. Iliyopinda haimo kwenye orodha. Matokeo yake ni yaleyale ya emoji: meseji nzima inashuka hadi 70, na hakuna kitu kwenye skrini kinachokushtua kwa sababu neno linasomeka vizuri. Alama za kunukuu zilizopinda na kistari kirefu vinafanya hivyohivyo. Baadhi ya mifumo ya meseji za jumla hurekebisha yenyewe, mingine haifanyi. Dawa ni kuandika tangazo la SMS kwenye Notepad, programu ndogo ya kuandikia iliyomo kwenye Windows, ambayo haipindui kitu, au palepale kwenye mfumo wenyewe, kisha utazame kihesabu cha herufi kabla ya kutuma. Ukiona kikomo kimeruka kutoka 160 hadi 70, tafuta herufi mgeni.

Kuhusu kompyuta ya ofisi. Hukuniambia ina Windows ipi, basi nitapita kwenye zote. Kama ni Windows 10 au 11, shika kitufe chenye nembo ya dirisha, kisha bonyeza nukta, ile ya mwisho wa sentensi. Kinafunguka kidirisha cha emoji. Andika mute na spika itajitokeza. Lazima utafute kwa neno hilo la Kiingereza, kwani ukiandika "kimya" huenda usipate kitu. Njia hii inafanya kazi kwenye WhatsApp ya kompyuta, barua pepe, Word, popote unapoweza kuandika.

Kama ni Windows 7, ambazo bado ninazikuta kwenye ofisi nyingi za vijiji huku kusini, kidirisha hicho hakipo, bonyeza utakavyobonyeza. Fungua Word, acha nafasi moja, andika 1F507, kisha papo hapo shika Alt ubonyeze X. Ile namba inageuka spika. Nafasi ya mwanzo ni muhimu: ukiibananisha namba na neno linaloishia na a au e, Word itadhani herufi hiyo ni sehemu ya namba, kwani namba hizi hutumia pia herufi A hadi F, na kukupa kitu kingine au kukataa. Ukipata kisanduku badala ya spika, ichague, kisha ubadilishe fonti kuwa Segoe UI Symbol au Segoe UI Emoji, ile utakayoikuta kwenye orodha. Hata hizo zikikosekana, basi ghala la kompyuta hiyo halina mzigo na itabidi utumie picha. Nitalirudia hilo nikifika kwenye karatasi ya mlangoni.

Utaelekezwa na watu kwamba ushike Alt uandike 128263 kwa tarakimu za pembeni. Namba ni sahihi, ndiyo 1F507 ileile ikiandikwa kwa tarakimu za kawaida, lakini programu nyingi haziwezi kupokea namba kubwa hivyo kwa njia hiyo na zitakutolea alama nyingine kabisa. Usipoteze muda. Mahali ambapo hiyo 128263 inafaa kweli ni Excel: andika =UNICHAR(128263) kwenye seli ya jedwali na spika itatokea, kuanzia Excel ya 2013. Kwenye Mac shika Control na Command ubonyeze kitufe cha nafasi. Kwenye Linux, programu nyingi zinakubali Ctrl, Shift na U kwa pamoja, kisha 1f507, kisha Enter.

Kwenye simu umesema huna shida, lakini nakuongezea jambo la kukuokolea muda. Usiisake kila siku kwenye makundi ya emoji, ambako imekaa mbali pamoja na spika nyingine na kengele. Nenda kwenye mipangilio ya kibodi. Kwenye Gboard, kibodi ya Google ya simu za Android, kuna kamusi binafsi; kwenye iPhone kuna sehemu ya kubadilisha maandishi, ndani ya mipangilio ya kibodi. Weka 🔇 kama neno, na njia yake ya mkato iwe "kmy" au herufi zozote zisizounda neno la Kiswahili. Baada ya hapo ukiandika kmy, kibodi inakuletea spika.

Sasa suala ambalo hukuliuliza, nami naona ni zito kuliko la kompyuta: alama yenyewe inasemaje kwa anayeisoma.

Spika iliyokatwa ina ndugu zake. 🔕 ni kengele iliyokatwa, maana yake mlio wa simu au taarifa umezimwa. 📳 ni simu iliyowekwa mtetemo. 📴 ni simu iliyozimwa kabisa. 📵 ni katazo: simu haziruhusiwi hapa. Nimeshuhudia matangazo ya mikutano yakiwekwa 📵 na mwandishi akiwa na nia ya kusema "punguzeni kelele". Mwanachama anayeitii alama hiyo kama ilivyo ataiacha simu nyumbani, na siku hiyo huenda ndiyo anasubiri meseji ya malipo ya korosho. Kwa mkutano wenu 🔇 au 🔕 zinatosha. Kama mnataka watu waendelee kupata taarifa bila mlio, 📳 ndiyo inayosema hivyo sawasawa.

Hatari kubwa zaidi ni kuituma peke yake. Kwenye tangazo lenye maneno, 🔇 inaeleweka kuwa ni habari ya simu. Ukiitupa peke yake chini ya ujumbe wa mtu kwenye grupu, imebadilika. Imekuwa "nyamaza". Mzee aliyeeleza dukuduku lake kuhusu makato ya magunia, kisha katibu akamjibu kwa spika iliyokatwa bila neno lolote, ameambiwa afunge mdomo mbele ya wanachama wote. Uso kwa uso usingethubutu kumwambia mtu wa umri ule hivyo, na maandishi hayakupi ruhusa ambayo mdomo hauna. Hata kama ulikusudia kusema sauti aliyorekodi haisikiki, yeye hatajua. Mwandikie: "Mzee wangu, sauti uliyotuma haisikiki, naomba uirudie." Ni maneno machache, na yanalinda heshima ya pande zote mbili.

Hapohapo, usidhani kutuma 🔇 kwenye grupu kunalinyamazisha grupu. Alama haiwashi wala haizimi chochote. Ukitaka wewe mwenyewe usisumbuliwe usiku, fungua jina la grupu, ingia kwenye kunyamazisha arifa, utapewa muda wa kuchagua: saa 8, wiki moja, au daima. Ujumbe utaendelea kuingia kimyakimya na hakuna mwanachama atakayearifiwa kwamba umenyamazisha. Ukitaka grupu lote litulie ili tangazo la mkutano lisizikwe na salamu, wewe ukiwa admini fungua mipangilio ya grupu, kwenye ruhusa za kutuma ujumbe uwaachie maadmini peke yao. Nashauri uweke tangazo, ufunge kwa siku hiyo, kisha ufungue. Grupu la ushirika lililofungwa muda wote linawanyima wanachama mahali pa kuuliza, na mwanachama asiyeulizia grupuni ataulizia kijiweni, ambako huna nafasi ya kumjibu.

Wapo pia wanachama wasioona, au wenye uoni hafifu, wanaotumia simu inayosoma maandishi kwa sauti. Simu hizo huisoma kila emoji kwa jina lake. Ukipanga 🔇🔇🔇🔇🔇 kwa msisitizo, mwenzetu anasikilizishwa jina lilelile mara tano kabla hajafika kwenye saa ya mkutano. Weka moja, iweke mwisho, na isichukue nafasi ya neno. Usiandike "🔇 simu zenu" ukitegemea alama ibebe kitenzi.

Muhtasari wa kikao na barua za kwenda kwa afisa ushirika ziache bila alama hizi. Orodha ya wanachama iliyomo kwenye mfumo wa kompyuta nayo usiichanganye nazo: baadhi ya hifadhidata za zamani zimeandaliwa kupokea herufi za baiti tatu mwisho, na 🔇 inahitaji nne. Kitakachorudi ni alama za kuuliza, au sentensi iliyokatika palepale ilipokuwa emoji. Kama hifadhidata yenu ni MySQL, mojawapo ya programu za kuhifadhi data, mwambie fundi wenu akague kama majedwali yake yanatumia mpangilio wa herufi uitwao utf8mb4, unaopokea baiti nne. Ile iitwayo utf8 tupu kwenye programu hiyo ndiyo yenye kikomo cha baiti tatu.

Imebaki karatasi ya mlangoni. Itengeneze kwenye Word: spika katikati, ukubwa wa fonti 250 hivi, chini yake maneno "TAFADHALI ZIMA SAUTI YA SIMU" kwa herufi nene. Ukubwa usikutie wasiwasi, kwani alama ya fonti haivurugiki ikikuzwa kama inavyovurugika picha ndogo iliyotolewa kwenye simu. Kwenye Word nyingi za zamani spika itatoka nyeusi isiyo na rangi. Kwa printa yenu ya wino mweusi hilo ni jema, kwa kuwa rangi nyekundu ikichapwa kwa wino mweusi hugeuka kijivu na mstari wa kukata unaweza kupotea. Kabla ya kuipeleka stesheneri mjini, ihifadhi kama PDF. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti yako litatoa kisanduku, na utalipia karatasi yenye kisanduku. PDF kwa kawaida inabeba fonti ndani yake. Na kama kompyuta yenu imeshindwa kabisa kuonyesha spika, iandike kwenye simu yako, ikuze, ipige picha ya skrini, ukate pembezoni, uitume kompyutani, uiingize kama picha. Kwa ukubwa wa nusu karatasi itasomeka vya kutosha.

Ibandike kwenye usawa wa macho, nje ya mlango na siyo ndani, ili mtu aishughulikie simu yake kabla hajakaa.